Gari la Urithi: Anza Chini, Rangi Iwe ya Mwisho



Somo letu safari hii ni la ufundi, lakini ndani yake mna habari ya mshahara, ya undugu na ya uhai wa mtu. Wengi wetu ni watoto wa madereva na mafundi. Wazee wetu waliendesha magari ya mashamba ya chai, ya miradi ya barabara, ya misheni na ya idara za serikali. Siku gari la kazi lilipochakaa na kuuzwa, baadhi yao walilinunua kwa akiba ya miaka. Mzee akifariki, gari linabaki nyuma ya nyumba chini ya mparachichi, kuku wanataga kwenye viti, na watoto wa marehemu wanagombana: tuliuze chuma chakavu au tulitengeneze?

Mimi ni mmoja wa waliorithi gari la namna hiyo. Baba alikuwa dereva wa shamba la chai kaskazini mwa Rwanda, na alituachia Land Rover fupi ya mwaka 1974. Nililishughulikia kwa mpango mbaya. Nikapoteza mshahara wa miezi mitatu, na nusura limuue mtoto wa watu. Naandika somo hili ili ndugu mwingine asirudie makosa hayo.

KOSA LA KWANZA: KUANZA NA RANGI

Nilipopata fedha kidogo nilikimbilia kile ambacho macho yanakiona. Nilinunua rangi ya kijani, nikashonesha viti vipya, nikapiga vyuma msasa mpaka vikang'aa. Majirani wa Nyamirambo walikuja kulitazama na kulisifu. Baada ya majuma mawili tulilivuta hadi Gatsata, karibu na Nyabugogo, mahali ambapo kwa miaka mingi pamejulikana kwa gereji na vipuri. Fundi aliweka jeki chini ya chasisi, akapiga mara nne. Gari halikupanda. Jeki ndiyo iliyozama ndani ya chasisi kama kidole kinavyozama kwenye papai bivu.

Viti vikatolewa, bodi ikafunguliwa, rangi ikaungua kwa cheche za kuchomelea. Kazi yote ya miezi mitatu ikawa bure. Dada yangu, ambaye ni mshonaji kiwandani, aliniuliza swali moja tu: "Kaka, ulipokuwa unalipaka rangi, ulijua kama lina breki?" Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo kanuni ya somo hili ni hii: gari kuukuu hutengenezwa kuanzia chini kwenda juu. Kwanza karatasi, pili chasisi, tatu breki na usukani, nne injini na umeme. Rangi ni ya mwisho, na ukiishiwa fedha, rangi ndiyo isubiri.

LIJUE GARI LAKO

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Uholanzi, tarehe 30 Aprili 1948. Ilitengenezwa na kampuni ya Rover ya Uingereza. Vita vilikuwa vimekwisha karibuni, na chuma kilikuwa kikigawiwa kwa kipimo. Kwa sababu hiyo bodi ilitengenezwa kwa aluminiamu iliyochanganywa, na chuma kikabaki kwenye chasisi na sehemu chache nyingine. Toleo la pili lilianza mwaka 1958, na la tatu, ambalo ndilo la baba yangu, lilitengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985.

Jambo hili la aluminiamu si hadithi tu. Aluminiamu haili kutu kama chuma. Unaweza kukuta gari la miaka hamsini lina milango na mabawa mazima, kumbe chasisi yake imeoza. Bodi inamdanganya mwenye gari, nami ilinidanganya. Tena aluminiamu inapogusana na chuma penye maji, inaanza kuliwa pale pale kwenye kiungo. Ukifunga tena, weka rangi au kipande cha mpira kati ya vyuma hivyo viwili.

Chukua sumaku ndogo uzunguke nayo. Kwenye Land Rover ya kawaida haitashika mabawa wala milango, bali itashika chasisi na ukuta unaotenga injini na abiria. Ikishika mabawa pia, uliza zaidi. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Minerva ya Ubelgiji iliunda Land Rover kwa leseni, kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji, na hizo zilikuwa na bodi ya chuma na mabawa ya mbele yaliyoinama. Ikiwa urithi wako ni Toyota Land Cruiser ya zamani, zile zilizotengenezwa kuanzia 1960 hadi 1984, bodi ni chuma. Basi kutu itazame juu na chini.

KARATASI NA UNDUGU

Kabla ya kushika spana, kaeni kikao cha ndugu. Gari la marehemu ni mali ya warithi wote mpaka ligawanywe. Wapo wanaosema kuwa gari ni la watoto wa kiume. Maneno hayo hayana nguvu ya sheria. Nchini Rwanda sheria ya urithi ya mwaka 1999 iliwapa watoto wa kike haki ya kurithi sawa na wa kiume, na msingi huo umeendelea katika sheria za baadaye. Dada ni mrithi kama kaka.

Tafuteni ile kadi ya njano ya gari. Ikiwa haipo, msione ajabu wala aibu. Familia nyingi zilipoteza watu na nyaraka zao mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Ulizeni kwenye ofisi ya umurenge habari ya hati ya urithi, na kwenye Mamlaka ya Mapato ya Rwanda habari ya kubadili jina la mwenye gari. Someni namba iliyogongwa kwenye chasisi mlinganishe na karatasi. Zikitofautiana, msitoe hata faranga moja ya matengenezo kabla jambo hilo halijanyooka, maana mtakuwa mnatengeneza gari ambalo kesho mtaambiwa si lenu.

Halafu andikeni hesabu. Tuchukue mfano. Tuseme gari lilivyo sasa, bovu, limethaminiwa faranga 900,000, na warithi ni watatu. Kila mmoja ana faranga 300,000 ndani yake. Mmoja wao akatia faranga 1,500,000 za matengenezo. Jumla sasa ni 2,400,000. Huyo aliyetengeneza ana 1,800,000, yaani robo tatu. Wale wawili wana 300,000 kila mmoja, yaani sehemu moja ya nane kila mmoja. Gari likiuzwa au likileta pato, wanagawana kwa kipimo hicho. Hesabu hii ikiandikwa siku ya kwanza na wote wakatia sahihi, inaokoa undugu. Isipoandikwa, mwenye spana atasema gari lote ni lake kwa sababu ametoka jasho, na wengine watasema ni lao kwa sababu baba ni wao. Kwetu daftari alilishika dada, na kila risiti ilipita mkononi mwake.

Fedha yenyewe msiikope kwa riba ya mtaani. Fanyeni kama tunavyofanya kwenye ikimina: kila mwezi kiasi kidogo, na kila fungu lipewe kazi yake. Mwezi huu ni wa chasisi, mwezi ujao ni wa mabomba ya breki.

CHASISI

Chasisi ya Land Rover ni kama sanduku refu: mabati mazito ya chuma yaliyochomelewa, na ndani ni uwazi. Maji ya mvua na matope yanaingia ndani na kukaa. Kigali tuna mvua ndefu kuanzia Machi hadi Mei, na mvua nyingine kuanzia Septemba hadi Desemba. Chuma kinaliwa kutoka ndani, na nje kinaonekana kizima.

Upimaji wake hauna gharama. Osha chini ya gari, kisha chukua nyundo ndogo ugonge polepole chasisi yote. Chuma kizima kinalia kama kengele. Chuma kilichooza kinatoa sauti butu kama boksi la karatasi. Pale penye sauti butu, sukuma kwa bisibisi. Sehemu za kutazama zaidi ni boriti ya nyuma kabisa, mikono inayotoka pembeni kushika bodi, na pale zinapofungwa springi.

Mchomeleaji asipachike kiraka juu ya kutu. Hana budi kukata mpaka afike kwenye chuma safi, kisha achomelee bati lenye unene usiopungua ule wa chasisi yenyewe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa uliozibwa kwa rangi haujazibwa, na ukuta wake utaujenga barabarani.

Kabla ya kuchomelea, fungua nyaya za betri, na tangi la mafuta litolewe kabisa lipelekwe mbali. Msidanganyike kwamba tangi tupu ni salama. Mvuke wa petroli uliobaki ndani ya tangi tupu hulipuka vibaya kuliko petroli yenyewe. Mfanyakazi wa kiwandani anayajua haya kazini, lakini akifika nyumbani siku ya mapumziko anayasahau.

JEKI NA BREKI YA MKONO

Sasa nieleze lile lililonitia hofu kuliko yote. Tulikuwa mahali penye mteremko kidogo, kama ilivyo Kigali nzima. Tulivuta breki ya mkono, tukainua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, na kijana mwanagenzi akajipenyeza chini. Alitoka kidogo kufuata spana. Mara gari likajisogeza, jeki ikalala, na Land Rover ikashuka chini pale pale alipokuwa amelaza kifua.

Sababu ni hii, na kila mwenye gari la namna hii aikariri. Breki ya mkono ya Land Rover hizi za zamani haikamati magurudumu. Inakamata shafti inayotoka nyuma ya giaboksi kwenda difu ya nyuma. Kazi ya difu ni kuruhusu magurudumu mawili yazunguke tofauti. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, lile la juu linakuwa huru kuzunguka kinyume, na lile la chini linaweza kubingirika. Breki ya mkono imevutwa barabara, na gari bado linateremka.

Kwa hiyo: simamisha gari mahali tambarare. Weka vizuizi vya mbao au mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini. Ukishainua, weka stendi imara za chuma chini ya eksili. Usitumie matofali, kwa maana yanapasuka. Jeki ni ya kuinulia tu, si ya kushikilia. Asiingie mtu chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake, hata kwa dakika moja, hata akiwa fundi mkuu.

BREKI NA USUKANI

Katika Land Rover nyingi za miaka ile, breki za magurudumu yote manne zinatumia bomba moja na masta silinda moja. Bomba likipasuka mahali pamoja, breki za mguu zinapotea zote kwa pamoja. Mtu anayeteremka kutoka Gicumbi kuja Kigali anajua maana yake. Basi usijaribu kuokoa fedha hapa. Badilisha mabomba ya chuma yaliyoliwa, mipira yote na silinda zinazovuja.

Mafuta ya breki yanavuta unyevu wa hewani. Yakikaa miaka yanakuwa na maji, na kwenye mteremko mrefu breki zikipata moto maji hayo yanachemka, pedali inazama hadi chini. Mwaga yote utie mapya. Usiongeze oili ya injini kwenye breki kwa sababu mafuta yenyewe hayapatikani. Oili hiyo inavimbisha mipira, na mipira ikivimba breki zinashika zenyewe au hazishiki kabisa.

Angalizo la afya: lainingi za breki za zamani nyingi zilikuwa na asbesto, kitu kile kile ambacho Rwanda imekuwa ikikiondoa kwenye mapaa ya nyumba. Vumbi lake likiingia mapafuni huleta saratani baada ya miaka mingi. Usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Lifute kwa kitambaa kilicholowa maji, kitambaa kitiwe ndani ya mfuko na kufungwa.

Kuhusu usukani, kumbuka kuwa Rwanda, Burundi na Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara, bali Uganda, Kenya na Tanzania wanaendesha kushoto. Ukiagiza vipuri Kampala au Nairobi, vya injini na vya giaboksi vitafaa, lakini boksi la usukani vinaweza kukukataa. Hali kadhalika taa za mbele. Taa ya upande wa kushoto ikiwekwa huku kwetu itampiga machoni dereva anayekuja. Uliza kabla ya kulipa.

INJINI NA UMEME

Injini iliyolala miaka usiiwashe siku ya kwanza. Mwaga petroli ya zamani na oili ya zamani. Fungua plagi, tia oili kidogo katika kila silinda, iache usiku kucha. Kisha izungushe kwa mkono kwa kutumia hendeli ya mbele, plagi zikiwa bado nje. Ikizunguka bila kukwama, ndipo uendelee. Baadaye ukitaka kuiwasha kwa hendeli, dole gumba lako likae upande mmoja na vidole vingine, usiifumbate, kwa sababu injini ikirudisha teke huvunja mkono.

Kigali iko juu, kiasi cha mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, na injini ya kabureta inapungukiwa nguvu kwa takriban asilimia 15. Ikiwa moshi wake ni mweusi na plagi zina masizi, huenda kabureta inamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Irekebishwe kwanza, kabla fundi hajakushauri kubadili pistoni.

Kwa upande wa umeme, tahadhari moja: katika baadhi ya Land Rover za kabla ya miaka ya 1970, waya chanya ndio uliofungwa kwenye bodi, si hasi kama magari ya leo. Tazama jinsi ulivyofungwa kabla ya kuweka betri mpya.

FUNDI NAYE NI MFANYAKAZI

Sisi tunaodai mikataba viwandani na mashambani, tukifika gereji tunakuwa waajiri, na mara nyingi waajiri wabaya. Tunapatana kwa mdomo, tunachelewesha malipo, tunamlaumu fundi kwa kipuri kibovu tulichonunua wenyewe. Haifai. Andikianeni kazi, bei na siku. Lipeni kwa hatua: chasisi ikiisha na kukaguliwa, ilipwe. Ulizeni pia yule mwanagenzi analipwa nini, na kama ana miwani ya kuchomelea. Yule kijana wetu alikuwa amevaa kandambili. Tulimnunulia viatu kabla hatujanunua kipuri kingine.

SIKU YA KUTOKA

Gari likikamilika, jaribu breki mahali tambarare pasipo na watu, kwa mwendo mdogo, mara nyingi. Kisha lipeleke kwenye ukaguzi wa Polisi ya Taifa, na ulikatie bima. Usiuone ukaguzi kuwa usumbufu. Ni jicho la pili linalotazama kile ambacho upendo wa gari la baba umekuzuia kukiona.

Land Rover yetu sasa inatembea. Siku za mapumziko inabeba viazi vya jirani zetu, na dada anaandika pato kwenye daftari na kugawa kwa kipimo tulichotia sahihi. Chini ya kiti, ndani ya sanduku la vifaa, tulikuta kijitabu cha baba. Kila Jumamosi aliandika neno moja, "grisi", na tarehe. Hakuandika popote habari ya rangi. Mlango mmoja hadi leo una rangi yake ya zamani, iliyopauka. Tutaupaka tukipata fedha. Breki zinashika.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini bodi nzima ya Land Rover si ushahidi kwamba gari ni zima?

2. Eleza kwa maneno yako kwa nini breki ya mkono haiwezi kulizuia gari lililoinuliwa gurudumu moja la nyuma.

3. Warithi wanne wana gari la faranga 800,000. Mmoja ametia 1,200,000 za matengenezo. Kila mmoja ana sehemu gani?

4. Mahali unapofanya kazi, je, zipo stendi za kutosha za kuwekea magari na mashine zilizoinuliwa? Ikiwa hazipo, ni nani atakayeliwasilisha jambo hilo, na lini?